Kusamehe Aliyekuumiza: Nani Anadai, Nani Anadaiwa?

Maandishi ya kipindi cha redio. Yasomwe katika vikundi vya wasikilizaji na kubandikwa kwenye mbao za matangazo.

(Muziki wa kufungua. Sauti inashuka polepole.)

MTANGAZAJI: Jambo yenu ninyi mliotoka Kongo. Amahoro kwenu mliotoka Burundi. Na wewe ambaye redio yako imeishiwa betri, unayesoma maneno haya ubaoni wakati unasubiri mgao, karibu nawe. Kipindi ni chako pia.

Mnakumbuka tuliweka sanduku la maswali pale mlangoni kwetu. Karatasi nyingi zilihusu mgao, kuni na safari za kurudi nyumbani. Lakini kadhaa zilihusu jambo moja ambalo hakuna ofisi inayoligawa. Nasoma moja, bila jina wala zoni:

"Mtu aliyetuumiza kule kwetu nimemwona hapa kambini. Anachota maji kwenye bomba letu. Kanisani wananiambia nimsamehe. Nikimsamehe, nitakuwa nimekubali kwamba alichofanya si kitu? Na ninyamaze mpaka lini?"

Mimi ni kijana. Wengi mnaonisikiliza mmeona kwa macho mambo ambayo mimi nimesimuliwa tu. Kwa hiyo leo sitamwambia mtu yeyote "samehe". Sina uzito huo. Nitajaribu kueleza neno lenyewe, ili siku ukiambiwa usamehe ujue unaombwa nini hasa, na ujue pia nini huombwi.

(Muziki mfupi.)

NENO MOJA, MIZIGO MINGI

Tuanze na lugha yetu. Mtu akikukanyaga mguu kwenye foleni anasema "samahani". Mtu aliyechoma nyumba yako akija siku moja kuongea nawe, naye atasema "nisamehe". Neno ni lile lile. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanza, kwa sababu yule wa foleni tunamjibu "usijali" na yakaisha. Yule wa nyumba hatuwezi kumjibu "usijali". Tumejali. Tumejali mpaka tumevuka mpaka.

Lakini Kiswahili kina matumizi mengine ya neno hili yanayotusaidia zaidi. Tunasema "nimekusamehe deni". Mwenye duka anafungua daftari, anaona unadaiwa shilingi elfu kumi, anajua mgao umepungua, anapiga mstari juu ya jina lako. Amekusamehe. Hebu tuangalie mambo manne yaliyo ndani ya tendo hilo dogo.

La kwanza: deni lilikuwepo. Mwenye duka hawezi kusamehe deni ambalo halikukopwa. Kwa hiyo mtu akisema "nimekusamehe", anasema wazi kwamba kosa lilitendeka. Asingesema hivyo kama halikutendeka.

La pili: anayesamehe ni yule anayedai. Jirani wa duka hawezi kuja akafuta daftari la mwenzake. Mchungaji hawezi, shehe hawezi, kiongozi wa zoni hawezi. Wanaweza kushauri na kuombea, lakini kalamu iko mkononi mwa mwenye kudai.

La tatu: ili ufute deni ni lazima ulijue. Elfu kumi si laki moja. Ndiyo maana mtu aliyeumizwa anataka kwanza kusema yote: walikuja saa ngapi, walichukua nini, nani alianguka wapi. Watu wakimwambia "acha hayo, ni ya zamani", wanamzuia kuhesabu. Na asiyehesabu hawezi kusamehe, anaweza kunyamaza tu.

La nne: kusamehe deni hakumlazimishi mwenye duka kukopesha tena. Anaweza kusema, "Lile nimekusamehe. Kuanzia leo ni pesa mkononi." Hakuna mtu dukani atakayemwita mbaya.

Shikeni mambo hayo manne. Yatatusaidia mpaka mwisho wa kipindi.

(Muziki mfupi.)

MAMBO AMBAYO SI MSAMAHA

Wazee wetu wa Kiswahili wana methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ndwele ni ugonjwa. Methali hii ni nzuri kwa ugomvi wa ndoo na wa kuku. Lakini kuna yaliyopita ambayo bado ni ndwele. Mama anayeamka usiku akisikia mlango ukigongwa miaka kumi baadaye, kwake yale hayajapita. Huwezi kuganga yajayo ya mtu huyo kwa kumwambia hana ugonjwa.

Kwa hiyo, kusamehe si kusahau. Kumbukumbu hazizimwi kama taa. Methali nyingine inasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ung'ongo ni ukuti tu wa kusukia mikeka. Mwili unashtuka wenyewe. Ukishtuka baada ya kusamehe, haina maana ulidanganya. Ina maana uliumwa.

Pili, kusamehe si kupatana. Haya mawili tunayachanganya kila siku. Kusamehe kunaweza kufanywa na mtu mmoja, peke yake, ndani ya nyumba yake, hata kama yule aliyemkosea amekufa au yuko nchi nyingine na hajui lolote. Kupatana kunahitaji watu wawili. Kunahitaji aliyekosa akubali kosa, aseme ukweli, arudishe kinachorudishika, na aonyeshe kwa muda kwamba amebadilika. Unaweza kusamehe bila kupatana. Kuna watu ambao si salama kupatana nao.

Hapa naomba kina mama mnisikilize, na kina baba pia. Kama mume anakupiga, na kila mara anaomba msamaha, na kila mara wazee wanakurudisha kwake wakisema "msamehe, ni baba wa watoto", hicho wanachokuomba siyo msamaha. Wanakuomba ukopeshe tena. Unaweza kuachilia chuki yako kwake ukiwa unalala mahali pengine, penye usalama. Ofisi zinazoshughulikia ulinzi na ukatili wa kijinsia ziko kwa ajili hiyo, na kwenda huko hakukuvunjii imani yako.

Tatu, kusamehe hakuondoi haki. Msamaha ni wa mtu, hukumu ni ya jamii. Mtu akivunja nyumba yako usiku, unaweza kumsamehe moyoni na bado sungusungu wakamkamata na polisi wakamfungulia kesi. Hukumkosea. Kesi inalinda pia nyumba ya jirani ambayo angeivunja kesho.

Kwa ndugu aliyeandika ile karatasi, hapa ndipo jibu lako lilipo. La, ukisamehe hutakuwa umekubali kwamba si kitu. Na la, hulazimiki kunyamaza. Unayo haki ya kwenda ofisi ya ulinzi na kueleza faraghani ni nani umemwona na unaogopa nini. Unaweza kuomba kuhamishwa eneo. Ninalokuomba ni moja: usitangaze jina lake bombani, na usiwaambie vijana. Tumeshaona kambini jinsi maneno ya bombani yanavyogeuka mawe kabla ya jioni, na mara nyingine mawe humpata asiyehusika, kwa sababu anafanana naye au anaongea lugha yake.

(Muziki mfupi.)

WALIVYOFANYA JIRANI ZETU

Tusiongee kama watu wa kwanza kuulizwa swali hili. Majirani zetu wameulizwa, nchi nzima nzima.

Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi, magereza yalijaa washukiwa zaidi ya 100,000. Mahakama za kawaida zisingemaliza kesi hizo hata kwa miaka mingi. Serikali ikachukua desturi ya zamani ya wazee kukaa kwenye majani na kuamua ugomvi, desturi iitwayo gacaca, wakaipa sheria mpya. Ilianza kwa majaribio mwaka 2002, ikaenea nchi nzima mwaka 2005, na ikafungwa rasmi mwezi Juni 2012. Waamuzi hawakuwa mawakili. Walikuwa watu wa kijiji waliochaguliwa na majirani zao, zaidi ya 250,000. Kesi zilizosikilizwa zilikaribia 2,000,000.

Aliyekiri mapema, akasema ukweli wote na kuomba msamaha hadharani, alipunguziwa adhabu, na sehemu ya adhabu ilikuwa kufanya kazi za umma, kama kujenga nyumba na barabara. Angalieni vizuri: sheria ilimtaka mkosaji aombe msamaha. Haikumtaka aliyeumizwa autoe.

Familia nyingi zilipata kitu ambacho hakuna pesa inakinunua, yaani kujua mahali walipotupwa wapendwa wao ili wawazike. Lakini haikuwa rahisi. Wako mashahidi waliotishwa. Wako walionusurika waliosema baadaye kwamba walijisikia kusukumwa waseme "nimesamehe" mbele ya watu kabla mioyo yao haijafika. Wengine wanaishi leo mlango kwa mlango na waliowaua ndugu zao, wanasaidiana kulima, na wamesamehe kweli. Wengine wanasalimiana tu. Nao wamefanya kazi kubwa, kwa sababu hawakulipiza.

Twende Uganda ya kaskazini, kwa Waacholi. Huko vita vya kundi la LRA viliteka maelfu ya watoto na kuwalazimisha kuua, wengine katika vijiji vyao wenyewe. Waacholi wana desturi iitwayo mato oput, maana yake kunywa mzizi mchungu. Mtu wa ukoo mmoja akiua mtu wa ukoo mwingine, koo hizo mbili zinatengana. Hawali pamoja, hawaoani. Wazee wanakwenda huku na huku, wakati mwingine kwa muda mrefu, mpaka ukweli usemwe na fidia ikubaliwe. Ndipo pande mbili zinainama na kunywa kutoka kibuyu kimoja dawa iliyotengenezwa kwa mzizi wa mti wa oput, ambao ni mchungu sana.

Mimi nimeipenda desturi hii kwa sababu mbili. Haifichi uchungu, inauweka ndani ya kibuyu na pande zote mbili zinaonja. Na msamaha hauji mwanzoni. Kwanza kutengana, kisha ukweli, kisha fidia, na kunywa ni mwisho. Sisi mara nyingi tunataka watu wanywe kabla ya kuongea.

Hata hivyo Waacholi wenyewe walisema desturi yao ina mipaka. Ilitengenezwa kwa mauaji ambayo muuaji anajulikana na ukoo wa aliyekufa unajulikana. Vita vilileta wauaji wasiojua hata wamemuua nani. Kwa hiyo Uganda ilitumia njia nyingi pamoja. Sheria ya mwaka 2000 ilitoa msamaha wa serikali kwa wapiganaji walioweka silaha chini, na wengi waliofaidika nayo walikuwa wametekwa wakiwa watoto. Lakini mmoja wa makamanda, Dominic Ongwen, ambaye naye alitekwa akiwa mtoto, alifikishwa Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu kule Hague, akapatikana na hatia mwezi Februari 2021, na akahukumiwa miaka 25. Mtu mmoja, aliyeumizwa na aliyeumiza. Majaji walitaja mateso ya utoto wake walipopanga adhabu, lakini hawakufuta hatia yake. Tunaweza kumhurumia mtu na bado tukamtaka ajibu.

Afrika ya Kusini iko mbali kidogo, lakini mfano wake tunauhitaji. Ubaguzi wa rangi ulipoanguka, nchi iliunda Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoanza kusikiliza watu mwaka 1996 chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu. Aliyefanya uhalifu kwa sababu za kisiasa aliweza kuomba asishtakiwe, kwa sharti la kusema ukweli wote. Maombi zaidi ya 7,000 yalipelekwa, na mengi yalikataliwa.

Sikilizeni sasa familia mbili.

Ya kwanza ni ya Amy Biehl, mwanafunzi Mmarekani wa miaka 26. Aliuawa na kundi la vijana mwezi Agosti 1993 katika kitongoji cha Gugulethu, Cape Town. Vijana wanne walifungwa, kisha wakaomba msamaha wa tume. Wazazi wake walisafiri kutoka Marekani, wakaenda mbele ya tume, na hawakupinga. Mwaka 1998 wale vijana wakaachiwa. Baadaye wawili kati yao walifanya kazi katika shirika ambalo wazazi wale walilianzisha kwa jina la binti yao.

Ya pili ni ya Steve Biko, mpigania uhuru aliyefariki mikononi mwa polisi mwezi Septemba 1977. Familia yake, pamoja na wengine, walikwenda mahakamani mwaka 1996 kupinga sheria ile ya kusamehe wahalifu. Walitaka kesi. Mahakama haikukubaliana nao. Lakini polisi waliohusika na kifo chake walipoomba msamaha wa tume, walikataliwa mwaka 1999, na moja ya sababu ni kwamba tume haikuamini kwamba walisema ukweli.

Je, familia moja ilikuwa nzuri na nyingine mbaya? Mimi siwezi kusema hivyo. Kila moja ilishika kalamu yake yenyewe. Wazazi wa Amy walikutana na watu waliokiri. Familia ya Biko ilikutana na watu waliokuwa bado wanaficha. Deni ambalo mdaiwa anakataa kulionyesha, ni vigumu sana kulifuta.

(Muziki mfupi.)

JAMBO LA NYUMBANI: ARDHI

Ndugu kutoka Burundi, ninyi mna mfano wenu wenyewe. Watu waliokimbia mwaka 1972 walikaa Tanzania miaka thelathini na zaidi. Waliporudi, wengi walikuta familia nyingine kwenye shamba la baba. Mara nyingine familia hiyo haikuiba. Ilipewa na serikali, au ilinunua, na watoto wao wamezaliwa hapo. Mwaka 2006 nchi iliunda tume ya ardhi na mali ili kuamua migogoro hiyo, na katika miaka ya mwanzo suluhisho lililotumika sana lilikuwa kugawana shamba.

Kugawana kuliacha pande zote na kidogo, na wengine walilalamika mpaka leo kwamba haki yao ilikatwa nusu. Wengine walipata jirani badala ya kesi. Nataja hili kwa sababu wengi wenu mnafikiria kurudi, na swali la msamaha litawasubiri mpakani mwa shamba. Litakuja hivi: huyu aliye mbele yangu ndiye aliyenikosea, au ni mtu mwingine aliyekuta nafasi niliyofukuzwa? Jibu hilo litafuteni kabla ya panga. Karatasi, mashahidi wa zamani, wazee wanaojua mipaka: hayo ndiyo mahesabu ya deni. Ukiyajua, utajua pia ni kiasi gani unaweza kuachia na kiasi gani huwezi.

(Muziki mfupi.)

KINYONGO KINAFANYA NINI, NA MTU AANZIE WAPI?

Sasa mtu atauliza: kama kusamehe si lazima, kwa nini nihangaike nako?

Kwa sababu kinyongo kina gharama, na anayeilipa mara nyingi ni yule yule aliyeumizwa. Mtu anakosa usingizi. Moyo unakwenda mbio. Anawapigia watoto kelele kwa kosa la mtu mwingine. Anaishi na mkosaji ndani ya kichwa, wakati mkosaji mwenyewe amelala.

Watafiti wamelipima jambo hili. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa sehemu tano: Hong Kong, Indonesia, Ukraina, Afrika ya Kusini na Kolombia. Watu zaidi ya 4,500 waliokuwa na mtu wanayeshindwa kumsamehe walishiriki. Wengine walipewa kijitabu cha mazoezi cha saa chache cha kufanya wenyewe, wengine wakasubiri. Baada ya wiki mbili, waliofanya mazoezi walikuwa wamesamehe zaidi, na dalili za huzuni na wasiwasi zilikuwa zimepungua kuliko kwa wale waliosubiri. Njia iliyo ndani ya kijitabu ilitengenezwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Everett Worthington, ambaye mama yake mwenyewe aliuawa na mtu aliyevunja nyumba. Kwa hiyo mambo haya hayakutoka kwa mtu aliyekaa vizuri tu.

Nayaeleza hatua zake kwa maneno yetu.

Kwanza, kumbuka jambo lilivyotokea, lakini mahali salama na bila kujitukana. Kama kumbukumbu zinakuzidi, zinakutoa jasho au kukupoteza usingizi, usifanye peke yako. Nenda kwa wahudumu wa ushauri nasaha.

Pili, jaribu kumwona aliyekukosea kama mtu. Alikuwa na umri gani? Nani alimtuma? Aliogopa nini? Kuelewa hivi si kumtetea. Ni kumtoa kwenye umbo la zimwi, kwa sababu zimwi halina mwisho, mtu ana mwisho.

Tatu, kumbuka siku ambayo wewe ulisamehewa na mtu, hata kwa dogo, na ulivyojisikia. Kisha jiulize kama unaweza kumpa mwingine zawadi hiyo. Ni zawadi, kwa hiyo hadaiwi mtu kuitoa.

Nne, ukiamua, liweke wazi. Andika kwenye karatasi, au mwambie mtu mmoja unayemwamini, au sema katika sala yako.

Tano, shikilia. Kuna siku utamwona kwenye foleni na hasira itarudi yote. Usiseme "kumbe sijasamehe". Sema "nimekumbuka". Mwenye duka naye akifungua daftari ataliona jina lako, na mstari bado uko juu yake.

Na kama hujafika, hujafika. Usilipize, usiwafundishe watoto jina la kabila kama jina la adui, na uendelee kuishi. Hilo tu ni zito, na ni la heshima.

(Muziki mfupi.)

KWA WEWE ULIYEKOSA

Huenda unanisikiliza pia. Kambi ni kubwa, na sote tulikuja na mizigo.

Ukitaka kuomba msamaha, usimvamie mtu. Usimtokee ghafla njiani wala nyumbani kwake usiku. Tuma mtu anayeaminiwa na pande zote, mzee au kiongozi wa dini, aulize kama mwenzako yuko tayari kukusikia. Akisema hapana, kubali.

Akikusikia, taja ulichofanya kwa jina lake. Usiseme "kama nilikukosea", kwa sababu unajua. Usiseme "ilikuwa vita, wote tulifanya". Usitangulize mateso yako. Sema kama kuna kinachoweza kurudishwa: mali, shahada ya ardhi, au ukweli wa mahali mtu alipozikwa. Kisha nyamaza. Usimwambie "basi nisamehe", maana utakuwa umemwekea kazi nyingine juu ya ile ya kwanza. Na ujue kwamba msamaha wake hautakuzuia kujibu mbele ya sheria siku ukiitwa.

KWA WASHAURI

Wachungaji, mapadre, mashehe, wazee na wazazi: dini zetu zinafundisha msamaha, na mafundisho hayo yamewashikilia watu wengi hapa wakati hawakuwa na kitu kingine cha kushika. Tunawashukuru. Ombi letu ni dogo. Mtu akija kwenu na kilio, msikilizeni mpaka amalize kabla hamjataja msamaha. Muulizeni kwanza: uko salama? umekula? umelala? Na pale penye mtoto aliyeumizwa, au mwanamke aliyebakwa, msikae kikao cha familia cha kupatanisha na kupokea mbuzi. Huo si msamaha, kwa sababu anayedai hakuulizwa. Pelekeni jambo hospitali na kwa ofisi ya ulinzi haraka.

(Muziki mfupi.)

MASWALI YA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

1. Katika lugha ya nyumbani kwenu, kuna maneno mangapi ya kusamehe? Yana maana sawa?

2. Kwa desturi ya kwenu, kipi kilitangulia: ukweli, fidia, au kula pamoja? Waulizeni wazee.

3. Aliyefiwa anaweza kusamehe kwa niaba ya aliyekufa, au anaweza kusamehe sehemu yake tu?

4. Watoto wetu wanasikia nini tunapoongea usiku kuhusu waliotukosea?

Swali la tatu litawagombanisha, najua. Gombaneni kwa heshima, mkiwa mmekaa, na katibu wa kikundi aandike majibu. Yaleteni kwenye sanduku, tutayasoma kipindi kijacho bila kutaja majina.

Aliyeguswa vibaya na maneno ya leo asibaki peke yake usiku huu. Mwambie jirani unayemwamini akae nawe, na kesho asubuhi nendeni pamoja kwa wahudumu wa ushauri nasaha.

Wiki ijayo tutaongea kuhusu kadi ya mgao familia inapogawanyika. Hadi hapo, mbaki salama.

(Muziki wa kufunga.)